Kabla Hujapanda Pikapu

Kabla hujapanda pikapu, hesabu mzigo. Pikapu ya tani 1 hubeba kilo 1,000, watu wakiwemo. Magunia 8 ya mahindi ya kilo 100 ni kilo 800. Ongeza dereva na abiria wawili wa kilo 65: imejaa. Wewe subiri nyingine.

Ikivuta tela, uliza kama tela lina breki zake. Tela zito lisilo na breki huisukuma pikapu kwenye mteremko.

Je, magurudumu yote manne yanavuta? Vizuri, yatakutoa kwenye tope. Lakini hayaongezi breki, wala hayashindi korongo lililofurika. Maji yakienda kasi, shukeni, msubiri yapungue. Soko litakuwepo kesho.

Safari njema.