Maji ya Bondeni na Mchicha Wetu
Leo tuzungumzie maji ya bondeni.

Kimara ni vilima. Mvua ikinyesha, wako wanaotapisha vyoo; uchafu hushuka vijitoni kuelekea Mto Msimbazi, na njiani hukuta bustani zetu. Mchicha hustawi kweli, lakini waweza kubeba vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Tukumbuke mwaka 2015: kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea nchini.

Basi, chimba kisima mbali na vyoo. Mwagilia shinani, siyo majani. Usioshe mboga kijitoni. Vaa viatu vya mpira. Nawe jirani wa juu, choo kikijaa ita gari la majitaka, lipeleke kwenye mabwawa, kama ya Vingunguti. Fungu moja la mchicha laweza kuuguza nyumba nzima.