Kwa Nini Tunataka Kuwapeleka Vijana Wawili Nairobi
Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama, siku ya harambee



Kamati ya Fedha imepewa dakika chache kueleza fungu moja tu la harambee ya mwaka huu, yaani safari ya mafunzo ya wanafunzi wawili wa chuo kwenda Nairobi. Tumelichagua kwa sababu ndilo lililoulizwa kuliko mengine yote. Bweni la wasichana linaeleweka. Tangi la maji linaeleweka. Lakini wanachama wameuliza, tena kwa haki: kijana akienda kutembelea ofisi za magazeti na kampuni changa za Nairobi, mkulima wa Mkoka anapata nini? Swali hilo linataka hesabu, na hesabu ndiyo kazi yetu.

Tuanze na mkulima mwenyewe. Amevuna mahindi. Mnunuzi anafika na pikipiki hadi mlangoni, anataja bei, na anataka gunia la lumbesa. Soko la Kibaigwa lipo, ni mojawapo ya masoko makubwa ya nafaka nchini, na waliopo pale asubuhi wanaijua bei ya siku. Aliye mbali na barabara ya lami hana bei nyingine ya kulinganisha zaidi ya ile aliyotajiwa. Pengo kati ya bei ya mlangoni na bei ya sokoni si nauli peke yake. Ndani yake kuna bei ya kutojua, na anayeilipa ni mzazi anayetafuta ada.

Mnakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo mamlaka za Kenya zilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye wakafungua tena, safari hii kwa masharti ya vyeti vya usalama. Habari ya namna hiyo ikimfikia mwenye lori leo na mkulima wiki ijayo, mwenye lori ananunua na mkulima ananunuliwa. Na sumukuvu si suala la bei tu. Mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu wapatao 20 kwa sababu ya nafaka yenye sumu hiyo. Kukausha mahindi vizuri, kutoyaanika juu ya udongo, kutokula yaliyoota ukungu: hayo ni maneno machache, lakini lazima yafike kijijini kabla ya mavuno. Yakifika baada ya msiba hayana kazi.

Kwa hiyo habari ni bidhaa kama mahindi yenyewe. Ina gharama ya kuivuna, gharama ya kuisafirisha, na ina mnunuzi. Gazeti linatufikia, redio inatufikia, na tunashukuru. Lakini gazeti la taifa zima haliwezi kuandika bei ya debe katika kila kijiji cha Kongwa. Kazi hiyo inahitaji biashara ndogo ya hapa hapa, yenye watu wa hapa. Vijana wetu vyuoni wanafundishwa uandishi wa habari, na wengine wanafundishwa kutengeneza programu za simu. Wanachokosa ni kuona kwa macho jinsi habari inavyojilipia mshahara.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Kampuni ya Nation Media Group, ambayo kupitia Mwananchi Communications ndiyo mmiliki wa gazeti la Mwananchi mnalolisoma, mizizi yake ni gazeti dogo la Kiswahili, Taifa, lililoanza mwaka 1958. Daily Nation lilifuata mwaka 1960. Tunataka vijana wetu wasiishie kupiga picha na watangazaji. Wakae na watu wa matangazo na watu wa usambazaji. Waulize: nakala moja inagharimu kiasi gani kuichapa, inauzwa kiasi gani, na nani anafidia tofauti? Waulize pia kampuni inafanya nini wasomaji wanapohamia kwenye simu na matangazo nayo yakahama. Huo ni mtihani wa kila chombo cha habari duniani, na anayetaka kuanzisha kidogo hapa Kongwa auone mapema.

Kisha waangalie zile changa. Mwaka 2010 lilianza Nairobi jarida la katuni la vijana liitwalo Shujaaz. Halikujenga mtandao wake wa kusambaza magazeti. Lilipachikwa ndani ya gazeti la Jumamosi ambalo tayari lilikuwa linafika kila mji, na nakala nyingine zikatolewa kwenye vibanda vya M-Pesa. Miaka mitano baadaye likaingia Tanzania. Sisi wahasibu tunaposoma habari hiyo tunaona jambo moja: walikwepa gharama kubwa kuliko zote, ya kufikisha mzigo, kwa kupanda gari la mwenzao. Je, Kongwa gari hilo ni lipi? Ni mabasi ya asubuhi? Ni maduka ya pembejeo? Ni mawakala wa fedha walioko kila senta? Vijana watujibu.

Mwaka huo huo wa 2010 mabinti watatu wataalamu wa kompyuta, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda shindano la biashara changa Nairobi na kupata euro 10,000. Wazo lao liliitwa M-Farm: mkulima anatuma ujumbe mfupi kwa simu ya kawaida, anajibiwa bei ya zao lake sokoni. Ukisikia hivyo unadhani kazi ilikuwa ya kompyuta. Kumbe sehemu ngumu ilikuwa kupata bei ya kweli, na iliwalazimu kuweka watu masokoni wa kuikusanya. Programu inaweza kuandikwa chumbani. Bei inaandikwa sokoni, alfajiri, na mtu anayeaminika. Tatizo hilo ni letu moja kwa moja, na ni vyema tukajifunza kutoka kwa waliokwisha kupambana nalo.

Tuseme pia habari ya M-Pesa, maana kila mmoja hapa ameitumia wiki hii. Haikuanza na mabango. Ilianza Oktoba 2005 kwa jaribio dogo: vituo vya mawakala 8 na wateja wasiofika 500, Nairobi na Thika. Lengo la kwanza lilikuwa kuwasaidia wakopaji kulipa marejesho ya mikopo yao. Wakati wa jaribio waligundua kwamba watu wanaitumia kwa mambo mengine kabisa, ikiwemo kutumiana fedha wao kwa wao. Wakabadilisha mpango kulingana na walichokiona. Ndipo Machi 2007 ikatangazwa Kenya nzima kama njia ya kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2008 ikafika kwetu. Waliokuwa na fedha za kuanza kwa kishindo walichagua kuanza na vituo vinane.

Sasa wazee wetu mtuvumilie, tufananishe na jambo lililotokea kwenye ardhi yetu wenyewe. Kila mtu wa Kongwa amesikia habari za mradi wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walizunguka wiki chache tu, kwa ndege na kwa gari, wakarudi na ripoti ya mamilioni ya ekari. Kazi ikaanza 1947, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta yaliyotumika vitani yaliharibika vichakani, mvua zikagoma, na udongo wetu wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'olewa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na zaidi ya paundi milioni 35 za walipakodi wa Uingereza zilikuwa zimepotea.

Wagogo walikuwa wakilima karanga hapa kabla ya trekta la kwanza kufika. Wangeulizwa kuhusu mvua na udongo, wangejibu bila malipo. Shamba la ekari mia kwa misimu miwili lingetoa jibu hilo hilo kwa gharama ndogo.

Ndugu zetu, tunapolinganisha vitabu hivi viwili, tunapata somo lote ambalo kamati hii inataka vijana wakalisomee. Mradi mmoja ulikuja na fedha nyingi na jibu tayari mkononi. Mwingine ulianza na vituo vinane na masikio wazi. Utamaduni wa kampuni changa unaosifiwa leo si majengo ya vioo wala kahawa ya ofisini. Ni tabia ya kujaribu kwa kiasi kidogo, kuandika matokeo, na kukubali kubadili njia kabla fedha hazijakwisha. Tabia hiyo haisomeki vizuri kwenye kitabu. Inaonekana ukikaa na wanaoifanya, ukawauliza kilichowashinda.

Wapo waliouliza: kwa nini isiwe Dar es Salaam? Dar kuna vituo vizuri vya ubunifu, kikiwemo cha COSTECH, na vijana wetu watapita huko kwa gharama zao za masomo ya vitendo. Nairobi tunaitaka kwa sababu mahindi yetu yanaelekea huko. Kijana atakayesoma bei upande wa pili wa Namanga ataelewa soko letu kwa namna ambayo hawezi kulielewa akiwa upande mmoja tu. Na si mbali. Kwa lami ya Kondoa na Babati hadi Arusha, kisha Namanga, ni karibu kilomita 700 kwa basi kutoka Dodoma. Hakuna tiketi ya ndege katika bajeti hii. Gharama kubwa kwa kila kijana kabla hajaondoka ni pasipoti, shilingi 150,000, na hiyo itamfaa kwa miaka kumi.

Wengine wamesema: tukishawasomesha, watabaki huko huko. Hofu hiyo ni ya kweli, tumeiona kwenye koo zetu. Hatuwezi kumfunga mtu kamba. Tunachoweza ni kupanga fedha vizuri, na kamati imeweka masharti manne.

Kwanza, fungu la safari lina akaunti yake. Fedha za bweni na za tangi haziguswi, hata kama fungu hili halitatimia.

Pili, kabla ya kuondoka kila kijana atakaa wiki mbili kati ya Kibaigwa na vijiji vitatu, akiandika bei za kila siku kwenye daftari: bei ya mlangoni, bei ya sokoni, ujazo wa gunia. Atakwenda Nairobi na swali lenye tarakimu.

Tatu, masurufu yatatolewa kwa awamu, na awamu ya pili haitatoka bila marejesho ya ya kwanza, risiti kwa risiti. Wakirudi watasoma taarifa yao mbele ya wanachama na mbele ya wakulima wa vijiji vile vitatu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wakulima wana haki ya kuuliza.

Nne, baada ya taarifa kutakuwa na jaribio la msimu mmoja katika vijiji hivyo tu. Bei itumwe kwa ujumbe wa simu, na iandikwe kwa chaki kwenye ubao dukani kwa ajili ya asiye na simu. Tahadhari za sumukuvu zitangulie mavuno. Tutaandika kila shilingi iliyotoka na kila aliyekuwa tayari kulipia huduma: mwenye duka la pembejeo, msafirishaji, chama cha ushirika. Ikionekana inaweza kujiendesha, vijana watasajili biashara yao, watafute leseni ya TCRA kwa huduma ya mtandaoni, na waendelee kama wenye mali. Isipoonekana, tutafunga vitabu, tutawaeleza matokeo, na hasara itakuwa ya vijiji vitatu kwa msimu mmoja. Kongwa imeshaona hasara ya aina nyingine.

Hatuahidi kwamba safari hii itazaa kampuni. Kampuni changa nyingi hufa, Nairobi na kwingineko, na mhasibu anayewaambia vinginevyo mnyang'anyeni kalamu. Tunachoahidi ni kwamba mtajua fedha yenu ilikwenda wapi na ilijifunza nini. Hata jaribio likifungwa, daftari la bei za msimu mzima litabaki mali ya chama, na mkulima atakayelifungua atajua kwamba wiki fulani alipotajiwa bei ya chini, Kibaigwa walikuwa wanalipa zaidi.

Fomu za ahadi ziko mezani. Mkiijaza, wekeni alama kwenye fungu mnalolichangia, ili bweni libaki bweni na safari ibaki safari. Anayetoa elfu tano ataandikiwa stakabadhi sawa na anayetoa milioni, na wote wawili wataalikwa kusikiliza taarifa ya vijana. Na wenye ndugu, rafiki au mpangaji mwenzao wa zamani anayeishi Nairobi, mje kwetu baada ya kikao. Sehemu ya kulala kwa siku saba itapunguza bajeti kuliko hotuba yetu.

Kidogo kidogo hujaza kibaba, na sisi wa Kongwa tunajua pia kwamba kibaba lazima kipimwe.