Nyaya za Betri ya Pikipiki na Fedha za Chama

Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, katika semina ya matunzo ya mali za ushirika



Katika daftari la fedha la chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba yalionekana malipo ya betri tatu za pikipiki katika muda wa miezi 14. Betri ikitunzwa vema huweza kudumu miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo kamati iliuliza, na ilikuwa na haki ya kuuliza, betri mbili za kwanza zimekwenda wapi. Katibu alijibu kuwa zimo stoo, zimekufa. Kwa bahati mbaya hazikuandikwa katika leja ya stoo, na mjumbe mmoja akasema waziwazi kuwa betri nzima zimeuzwa na mbovu zimeletwa mahali pake. Pendekezo la kumkata katibu mshahara ili afidie betri ya tatu lilikwisha kuingizwa katika muhtasari, likingoja mkutano uliofuata.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfikisha katibu kwenye vituo vya ununuzi. Asubuhi, kitufe kilipobonyezwa, stata iliguna mara moja au mbili ikanyamaza. Wakulima waliofika kudai stakabadhi zao walizoea kuitwa kuisukuma. Kiki yake ilivunjika mwaka uliotangulia, na hilo nalo halikuandikwa popote.

Fundi aliyeitwa kuitazama anastahili sifa kwa jambo moja: hakutamka neno kabla ya kupima. Aliiwekea betri ncha za mita pikipiki ikiwa imezimwa, akasoma volti 12.6, yaani betri imejaa. Kisha akamwambia katibu abonyeze kitufe. Kwenye vichwa vya betri zilibaki volti 10.8, kiasi ambacho si kibaya kwa betri ndogo inayosukuma stata. Lakini kwenye stata yenyewe zilifika volti 8.6 tu. Volti 2.2 zilipotea njiani, kati ya betri na stata, mwendo usiozidi hatua moja ya mtu mzima.

Jambo hili halina uchawi. Taa ya pikipiki hula umeme kidogo sana. Stata ya pikipiki ndogo huvuta ampea 50 na kuzidi kwa kitambo, na mwanzoni kabisa huvuta zaidi ya hapo. Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, alieleza mwaka 1827 kuwa volti zinazopotea katika waya ni ampea mara ukinzani wa waya huo. Njia yenye ukinzani wa omu 0.02 haiwezi kutambulika kwa taa, nayo taa itawaka vizuri. Lakini zikipita ampea 60, volti 1.2 zimekwisha kupotea kwa kupasha waya joto bure. Ni kama ghala kubwa lenye mlango mwembamba: mtu mmoja mwenye kikapu hupita bila taabu, ila siku ya kupakia marobota foleni hufika barabarani, na kulipanua ghala hakutasaidia kitu. Kununua betri mpya kwa pikipiki ya namna hii ni kulipanua ghala.

Fundi aliendelea kutafuta mahali penyewe. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, kwenye risasi yenyewe wala si kwenye kibano chake, na ncha nyingine kwenye mwili wa stata, gia ikiwa huru. Kitufe kilipobonyezwa mita ilionyesha volti 1.4. Upande wa chanya, kupitia rilei, ilionyesha 0.8. (Upande huu wa chanya mita husoma volti zote za betri kabla ya kubonyeza, kwa sababu rilei haijaunganisha njia, kinachohesabiwa ni kile kinachosomeka stata inapozunguka tu.) Katika njia iliyo nzima, upande mmoja usizidi kupoteza nusu ya volti, na kupungua zaidi ndiko kuzuri.

Waya wa hasi ulipofunguliwa kwenye fremu, sababu ilionekana kwa macho. Chama kiliipaka pikipiki rangi upya kabla ya mkutano mkuu, ili jina la chama lisomeke vizuri, na kichwa cha waya kikafungwa juu ya rangi. Umeme wote wa stata ulikuwa ukipita katika hesi za nati peke yake. Ndani ya mpira, kwenye ncha ya betri, shaba ilikwisha kugeuka unga wa kijani.

Nyaya zilizokuja na pikipiki hiyo zilikuwa za milimita 6 za mraba. Mita moja ya waya wa shaba wa kiasi hicho ina ukinzani wa omu 0.003 hivi, ule wa milimita 16 za mraba una kiasi cha omu 0.0012. Fundi alichagua huu wa pili, akakata kutoka waya wa mashine ya kuchomelea vyuma, ambao una nyuzi nyingi nyembamba na hauvunjiki upesi kwa mtikisiko wa barabara za vijijini. Hapa yafaa kutoa onyo. Madukani kuna nyaya zenye rangi ya shaba nje na alumini ndani, na alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Mnunuzi akwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, aurudishe. Unene wa mpira nao usimdanganye mtu, kwani haubebi umeme.

Kazi ilichukua chini ya saa mbili. Kichwa cha hasi kilifunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, maana spana ikigusa chanya na fremu kwa pamoja, hasi ikiwa bado imefungwa, hutoa cheche kubwa na huweza kuipasua betri. Unga uliooshwa kwa maji ya magadi uliondoka wote. Vichwa vya shaba vilibanwa kwa koleo yake, si kwa nyundo. Rangi ikakwanguliwa kwenye fremu hadi chuma kikang'aa, waya mwingine mfupi ukatoka hapo hadi bolti ya injini, na mafuta ya mgando yakapakwa juu ya viungo vyote baada ya kukazwa. Waya wa chanya ulivishwa mpira na kupitishwa mbali na bomba la moshi.

Mita iliposomwa tena, volti zilizopotea pande zote mbili kwa jumla zilikuwa 0.4. Injini iliwaka mara ya kwanza.

Isidhaniwe kuwa waya mnene ni dawa ya kila ugonjwa. Kama betri yenyewe huanguka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka, ilhali ilichajiwa, betri hiyo imechoka. Kama injini ikiwaka kwa mwendo wa kati betri haifikii volti 13.5 hadi 14.5, kosa liko katika chaji. Kaboni za stata nazo huisha. Ndiyo maana mita, ambayo bei yake haifiki bei ya betri, ingefaa kuwa mali ya kila chama chenye pikipiki, na vipimo viandikwe katika daftari la chombo kabla hati ya malipo ya betri haijatiwa sahihi.

Pendekezo la kumkata katibu mshahara lilifutwa katika mkutano uliofuata, ingawa alionywa kwa maandishi kuhusu leja ya stoo, na onyo hilo lilikuwa la haki. Betri mbili za stoo zilipelekwa kuchajiwa. Ya pili ilishika chaji na sasa imo katika leja. Ya kwanza haikushika. Ilikuwa imekaa bila chaji kwa zaidi ya mwaka, na betri ya asidi iliyoachwa tupu muda wote huo huganda ndani isirudi tena.