Theluthi Moja kwa Miguu

Somo: Isaya 40:27-31



Kila aliyekulia penye milima ajua kwamba baiskeli hupandwa kwenye mteremko, na kwenye mlima husukumwa. Mwenye kupeleka maziwa, mkebe umefungwa kwenye keria, hushuka chini mapema, akainama, akasukuma. Hakuna amchekaye. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyesukuma kuliko sisi sote.

Jina lake Thomas Stevens, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1854 na kuhamia Marekani akingali kijana. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco, peke yake, akikusudia kuvuka bara lote kwa baiskeli mpaka Boston. (Wazee wetu wa pwani huenda walimwona baadaye, kwa kuwa mwaka 1889 gazeti moja la New York lilimtuma huku kumtafuta Stanley, akafika Unguja na Mombasa.) Baiskeli yenyewe msiifikirie kama hizi zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa na upana wa inchi 50, naye mpandaji aliketi juu yake kama mtu aliye juu ya ukuta. Nyuma palikuwa na kigurudumu kidogo tu. Mnyororo haukuwapo, pedali zilifungwa katika gurudumu lenyewe. Likigonga jiwe, mtu aliruka mbele ya usukani, kichwa kikitangulia. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na blanketi.

Barabara kama tuzijuazo hazikuwapo katika sehemu kubwa ya safari ile. Alifuata njia za kale za mikokoteni, ambazo wahamiaji walizipita tangu miaka ya 1840 wakienda Oregon na California. Wengi wao walizikwa kando ya njia hizo, hasa kwa kipindupindu. Na wenyeji wa asili walipoteza nchi yao kwa sababu ya msafara ule, jambo ambalo halifai kusahauliwa. Stevens alikwenda kinyume chao, toka magharibi kwenda mashariki. Tena reli ilikuwa imekwisha kuvuka bara tangu mwaka 1869, kwa hiyo mara nyingi njia ilipomshinda alishika reli.

Katika milima ya Sierra Nevada theluji ilikuwa bado nyingi. Akaingia ndani ya vibanda virefu vya mbao vilivyojengwa juu ya reli ili kuzuia theluji, akatembea humo maili baada ya maili, gizani, akisukuma. Gari moshi lilipokuja alijibana ukutani mpaka lipite, na moshi ukabaki pamoja naye. Siku nyingine gari moshi lilimkuta juu ya daraja, pasipo nafasi ya kukimbilia. Akashuka ubavuni, akaning'inia kwenye ncha ya gogo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika baiskeli.

Alifika Boston tarehe 4 Agosti, baada ya siku zipatazo 103, na maili kama 3,700. Lakini sikieni jambo lililotufanya tuchague habari hii. Zaidi ya theluthi moja ya safari ile alikwenda kwa miguu. Theluthi moja! Chombo kilichotengenezwa kumbeba yeye, yeye ndiye aliyekibeba. Na gari moshi lilimpita kila siku, lenye viti. Angaliweza kuiuza baiskeli na kukata tikiti.

Mwaka uliopita, baada ya ibada, mama mmoja alitungoja mlangoni. Mume wake alikuwa kitandani mwaka wa tatu, hawezi kujigeuza mwenyewe. Akasema, "Mchungaji, nilipookoka nilikuwa nikiimba hata shambani. Siku hizi nasoma mstari mmoja, nasinzia. Imani iliyokuwa ikinibeba, sasa mimi ndimi niibebaye. Je, nimerudi nyuma?"

Twaona haya kusema tulivyomjibu. Watu walikuwa wakitungoja garini. Tukamwambia aombe zaidi, na aamke mapema zaidi. Mtu asiyelala usiku, sisi twamwambia aamke mapema! Akaitikia kwa heshima, akaenda zake.

Tangu hapo tumelisoma somo la leo tena na tena. Watu wa Isaya walikuwa wamesema kwamba njia yao imefichwa, Mungu haioni. Nabii anawaahidi mabawa kama ya tai. Kisha anawaahidi kukimbia. Kisha, mwisho kabisa, anawaahidi kutembea pasipo kuzimia. Sisi wahubiri tulizoea kuisoma kama ngazi ya kushuka, tai akiwa mkuu na mtembeaji akiwa mdogo. Lakini watu wale walikuwa uhamishoni Babeli, na njia ya kurudi kwao ilikuwa ya miguu. Ezra naye alipoipita njia hiyo baadaye, ilimchukua miezi minne, kama twasomavyo katika sura ya 7 ya kitabu chake. Mabawa yangewafaa siku ya kuondoka. Siku ya tisini walihitaji miguu.

Yule mama hakuwa amerudi nyuma. Alikuwa amefika mlimani, ameshuka, anasukuma, na mkono haujaachia. Maili zile za Stevens za kusukuma zilihesabiwa pamoja na zile za kupanda. Hakuna aliyezitoa katika jumla.

Tena, twasema alisafiri peke yake, lakini mara nyingi alikula na kulala katika nyumba za watengenezaji wa reli, watu asiowajua. Tulikwenda nyumbani kwa mama yule tukamwomba msamaha. Alicheka kidogo, akatupa chai. Sasa akina mama wa ushirika hupokezana kila Alhamisi kumkalia mgonjwa, naye hulala tangu saa tatu mpaka saa nane. Hatumsomei kitu. Analala tu.

Tuombe. Ee Bwana, wako wanaotusikiliza wakiwa wameshika kitambaa cha mgonjwa mkononi. Wengine wamefungua redio kwa sauti ndogo ili wasimwamshe. Wape nguvu za leo, na umtume mtu mlangoni mwao kabla ya jioni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.