Kabla ya Kuchangia Roboti ya Shule

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

 Poleni na jua, na poleni zaidi wa Kisauni mliopanda matatu kisha feri mpaka kutufikia huku Likoni.

Nimeombwa niseme juu ya roboti. Mnacheka, lakini ombi limetoka kwenu wenyewe. Kampuni inafika shuleni na mashine ndogo inayotembea na kusalimu watoto. Watoto wanapiga makofi, wazazi wanaitwa mkutanoni, na kabla ya jua kutua kila mzazi ameandikiwa mchango. Kesho yake mama anakuja kikundini kuomba mkopo. Mweka hazina afanye nini? Kwa hiyo hili ni swali la pesa za kikundi kabla ya kuwa swali la sayansi.

Tuanze na kitu chenyewe. Neno "roboti" lilitoka kwa mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, katika mchezo wa kuigiza alioandika mwaka 1920. Kwa lugha yao lina asili ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo babu zetu waliijua vizuri wakati wa mkoloni. Ukiifungua roboti utakuta betri, mota, vitu vya kuhisi mwanga au joto au ukuta ulio mbele, na kompyuta ndogo inayofuata maagizo. Maagizo hayo ameyaandika mtu. Hakuna pepo ndani, na wala hakuna akili kama ya mtoto wako.

Tusidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilipokea roboti 5 zilizotengenezwa na kampuni ya Zorabots ya Ubelgiji. Zilipima joto la wagonjwa, zikapeleka chakula na dawa, ili wauguzi wasiingie wodini mara nyingi. Hiyo ilikuwa kazi yenye maana, maana aliyekingwa ni binadamu. Kule Kinshasa, injinia mama mmoja, Thérèse Izay Kirongozi, alianzisha chama cha mafundi wanawake, na mwaka 2013 roboti zao zilisimama kwenye njia panda kuongoza magari, zikitumia umeme wa jua. (Jina lake hilo limenifurahisha, kana kwamba alizaliwa kuongoza.) Na hapa kwetu, mwaka 2024 mkahawa mmoja wa Nairobi ulianza kupeleka chakula mezani kwa roboti 3 kutoka China. Watu walienda kuziona zaidi ya kula. Lakini waliopakia sahani juu yake walikuwa wahudumu binadamu.

Wazee wa Changamwe huniuliza: je, hizi zitamaliza kazi za vijana? Swali ni la haki. Nami nawaambia watazame bandarini kwao. Zamani magunia yalishuka melini kwa migongo ya makuli, na familia nyingi za bara hii zililishwa na migongo hiyo. Kilichowapunguza makuli hakikuwa roboti yenye macho na kichwa. Kilikuwa ni kontena, sanduku la chuma tu, na kreni ya kuliinua. Kwa hiyo tusishtuke sana na mashine yenye sura ya mtu. Mara nyingi ile yenye sura ni ya maonyesho, na inayochukua kibarua huja kimya kimya bila sura. Kijana anayejua kufunga na kufungua mota, kusoma waya na kuandika maagizo, huyo atakuwa na cha kushika hata kazi zikibadilika. Ndiyo sababu sisemi mafunzo haya ni upuuzi. Serikali yenyewe, kupitia taasisi ya mitaala, iliidhinisha mwezi wa Aprili 2022 mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za sekondari.

Sasa tupige hesabu, nanyi nisaidieni. Tuseme mchango ni shilingi 1,000 kwa mtoto kwa muhula. Mama mwenye watoto 3 shuleni, mihula 3, atatoa shilingi 9,000 kwa mwaka. Darasa la watoto 60 litatoa 180,000. Tuseme kampuni italeta roboti 4. Kila roboti ina watoto 15, na kipindi ni dakika 40. Gawanyeni. Hata dakika 3 hazifiki kwa mtoto! Hizo anazitumia kusukumana, na wenye viwiko vikali ndio watakaoshika. Wasichana mara nyingi watakuwa wamesimama nyuma wakitazama.

Hapo ndipo penye moyo wa maneno yangu. Usiulize roboti inaweza kufanya nini, maana mwenye kuuza atakuonyesha ikicheza ngoma. Uliza mtoto atafanya nini. Ataifungua? Ataiandikia maagizo mwenyewe, akosee, arudie? Mwalimu wa shule amefundishwa, au anakuja kijana wa kampuni siku moja kwa wiki, na akiondoka maarifa yanaondoka naye kwenye begi? Kama mtoto ni wa kutazama tu, hiyo ni sinema, na tiketi yake ni ghali.

Jambo jingine ni uhai wa kampuni. Kampuni za roboti hufa, hata kubwa. Wafaransa wa Aldebaran walitengeneza roboti iitwayo NAO, ikaingia madarasani nchi nyingi. Mwaka 2025 kampuni ilifilisika na mali yake ikanunuliwa na Wachina. LEGO ya Denmark iliuza vifaa vya Mindstorms vya kufundishia roboti tangu 1998, na mwisho wa 2022 ikaacha kuviuza. Pepper, roboti ya SoftBank ya Japani, ilikuwa na bei yake, na juu ya bei hiyo mnunuzi alilipa kila mwezi kwa miaka 3. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2020. Kama haya yamewapata wao, ile kampuni iliyofika kwenu na gari la kukodi je? Mkae nayo chini iandike: betri ikichoka nani atailipia, vipuri viko Mombasa au vinaagizwa, mashine inafanya kazi bila intaneti, na pesa zikikatika roboti inabaki yetu au inarudi kwao.

Kuna na sheria, tena hii mwende nayo nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na risiti rasmi lazima itolewe. Na mtoto asizuiwe kuingia shuleni kwa sababu mzazi hakulipa hayo malipo mengine. Mkiona mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya roboti, msiende kugombana na mwalimu getini. Nendeni watatu au wanne, kwa heshima, mwombe kuonyeshwa barua ya idhini. Na roboti yenye kamera inayopiga picha na kunasa sauti za watoto, hiyo nayo inahitaji ruhusa ya mzazi, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Je, kikundi kitoe mkopo? Maoni yangu ni haya. Mkopo wa mchango wa roboti, hapana. Pesa za kikundi zizae: mahamri, samaki, cherehani, zirudi. Lakini kama vikundi viwili vitatu vinataka kusaidia shule, kuna njia ya bei nafuu zaidi. Vibao vidogo vya kompyuta kama Arduino, kilichoanzia Italia mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa mtu yeyote, hivyo viwanda vingi huvitengeneza na haviko mkononi mwa kampuni moja. Printa iliyokufa ofisini ina mota ndani yake. Fundi wa redio na simu hapo Kongowea anaweza kukaa na watoto Jumamosi mbili kwa mwezi akalipwa posho yake. Watoto watano kwa kifaa kimoja, wasichana wapewe zamu ya kwanza kushika, na kitu kikiharibika fundi yuko hapo hapo.

Mama wa Mtongwe alinyoosha mkono tangu mapema, nami nikamwambia asubiri. Haya mama, simama, uliza. Na wa Jomvu mjiandae, nyinyi mnafuata.