Aliyesomewa: Shahidi na Karatasi Mbele ya Hakimu



Mama muuza ndizi ameona pikipiki ikimgonga mtoto na kutokomea. Namba ameishika kichwani, lakini kuandika hajui. Anamkimbilia mwenyekiti wa mtaa. “Mwenyekiti, niandikie upesi kabla haijanitoka.” Mwenyekiti anaandika kwenye daftari, anamsomea, mama anaitikia: “Ndiyo hiyo hiyo, baba.” Miaka miwili baadaye yuko kizimbani, anaulizwa namba. Imemtoka. Je, akumbushwe kwa daftari lile?

Kanuni tuliyo nayo imetoka mbali. James Fitzjames Stephen aliiandika katika Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, Waingereza wakaileta huku kwetu, na sheria za ushahidi za Kenya (1963) na Tanzania (1967) zikafuata nyayo zake. Shahidi anaruhusiwa kuhuisha kumbukumbu kwa maandishi aliyoandika mwenyewe wakati wa tukio, au muda mfupi baadaye jambo likiwa bado bichi kichwani. Daktari au mtaalamu mwingine anaweza kurejea vitabu vya fani yake. Hata mtunza hesabu aliyesahau kabisa malipo fulani anaweza kuyatolea ushahidi, maadamu anajua daftari lake liliandikwa sawasawa. Wahenga wetu walishasema, mali bila daftari huisha bila habari, na hapo sheria na wahenga wamekutana.

Maandishi ya mtu mwingine nayo yanakubalika, lakini kwa sharti: shahidi awe ameyasoma wakati ule, akajua ni sahihi. Ameyasoma. Neno hilo moja ndilo linalomfungia mlango mama yetu, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Uingereza walikutana na jambo hili katika kesi ya Kelsey, mwaka 1982. Shahidi aliona gari, akamtajia polisi namba yake, polisi akaandika na kumsomea kwa sauti. Shahidi alithibitisha kwa masikio tu. Karatasi yenyewe hakuisoma. Mahakama ya Rufani ilikubali aitumie, kwa kuwa aliithibitisha jambo likiwa bado bichi, na polisi naye alifika kueleza kuwa karatasi ni ile ile. Nauona uamuzi ule wa haki kabisa, na kwetu una uzito zaidi kuliko huko ulikotolewa. Maelezo ya shahidi asiyejua kusoma husomwa mbele yake kituoni kabla hajaweka dole gumba. Ikiwa tunaliamini sikio lake pale kituoni, kwa nini tulikatae kizimbani?

Najua hofu ya mawakili wa utetezi, na ni hofu ya kweli. Mwenyekiti anaweza kuandika lake na kusoma lingine. Anaweza kuongeza tarakimu jioni, baada ya kuongea na ndugu wa mtoto. Ndiyo maana mwenyekiti lazima aitwe mwenyewe, aapishwe, aseme aliambiwa nini, aliandika lini, na alisoma nini. Asipopatikana, sioni namna ya kulipokea daftari lake kwa kazi hii.

Halafu kuna haki ambayo sheria imempa mtu wa upande wa pili tangu 1872: kuyaona maandishi hayo akitaka, na kumdodosa shahidi juu yake. “Akitaka,” inasema sheria. Mshtakiwa asiye na wakili atatakaje kitu asichojua kuwa ni chake? Hakimu amwambie, waziwazi, kabla maswali hayajaanza: una haki ya kuliona daftari hili. Alishike, aangalie wino, aangalie ukurasa uliotangulia na unaofuata. Na kama mshtakiwa naye hajui kusoma, karani amsomee kwa sauti, pole pole, mama akiwa bado amesimama kizimbani na mwenyekiti akiwa angali karibu.