Kengele Zifuate Maneno
(Mazungumzo na walimu wa shule, Hulugho)

Nimeombwa niseme juu ya kutengeneza nyimbo za sala kwa ajili ya kengele za mkono na ala nyingine za kugongwa zenye nota, wapigaji wakiwa watoto wanaoanza. Kazi yangu ni kufasiri, wala si kufundisha muziki. Lakini mfasiri huudhika upesi asikiapo neno zuri likigongwa mahali pasipo pake, na hilo ndilo nitakalolisema zaidi.

Kwanza, wimbo gani? Hapa Hulugho wanafunzi wengi ni Waislamu, na haifai kumpa mtoto sala isiyo ya nyumbani kwao. Lakini uko wimbo mmoja ulio sala na ulio wa wote, nao ni Ee Mungu Nguvu Yetu. Tuni yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, jirani zetu wa Mto Tana; na mwaka 1963 kamati ya wanamuziki, wakiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliutengeneza uwe wimbo wa taifa. Bendera inapopandishwa, na uimbwe kama ulivyo. Kengele zina nafasi yake darasani.

Kila kengele ina nota moja tu. Mtoto mwenye kengele mbili hushika nota mbili za wimbo mzima, naye hungoja zamu yake. Akikosa, hapana mwingine wa kuliziba pengo lile. Waganda wameijua kazi ya namna hii tangu zamani katika amadinda, marimba yao yenye miti 12: wapigaji wawili huketi wakielekeana, kila mmoja akipiga katika nafasi aliyoachiwa na mwenziwe, na msikilizaji husikia wimbo mmoja wa kasi. Nanyi mliolelewa na mlio wa kengele za mti zivishwazo ngamia shingoni mnajua jinsi sikio linavyoweza kuichagua sauti moja katika nyingi.

Mwalimu asiipe kengele kila nota ya tuni. Kengele ikipigwa huendelea kulia mpaka iguswe kifuani, na nota zikifuatana upesi huchafuana. Waimbaji wauchukue wimbo. Kengele zipige mara moja tu katika kila mapigo mawili au manne.

Na pigo hilo liangukie wapi? Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za makanisani zilifasiriwa kutoka Kiingereza au Kijerumani zikaachiwa tuni zake za asili, basi mara nyingi pigo kuu huiangukia silabi nyepesi. Waimbaji wakiwa peke yao, sikio husamehe. Kengele ikiongezwa juu yake, haliwezi tena. Chukueni neno “baraka”: kengele ikilia juu ya “ba”, neno limevunjika, ikilia juu ya “ra”, hata mtoto aliye nyuma kabisa atalisikia. Kwa hiyo someni maneno kwanza bila kuimba, mkapige mstari chini ya kila silabi nzito, ndipo mziandike kengele. Tuni na neno zikigombana, kengele inyamaze. Watu hawatauliza kwa nini.

Kwa marimba mambo ni kinyume. Sauti ya mti hufa upesi, hivyo nota ndefu hupigwa kwa fimbo mbili, mbio mbio, mpaka wakati wake uishe.

Wasio na kengele wanaweza kutumia mabomba ya maji ya chuma. Bomba la sentimita 40 hufungwa kamba sentimita 9 kutoka kila ncha, kwa kuwa hapo chuma hakitikisiki, kisha huning'inizwa na kugongwa katikati. Bomba la namna ileile lenye sentimita 28 na kidogo hutoa nota ileile, oktava moja juu. Nota za katikati hutafutwa kwa sikio: kateni bomba refu kidogo kuliko mnavyodhani, kisha mpunguze kwa tupa, kwa maana kila linavyofupishwa sauti hupanda, na lililokwisha kukatwa mno halirudi.